Mjumbe hauawi, ila muulize katumwa na nani

Jumamosi iliyopita nipo zangu uani nafua, simu ikalia, kucheki ni mdogo wangu wa Kinondoni (mtoto wa ma'mdogo, tumekula sahani moja) kanitumia skrinshoti ya tangazo la saluni moja ya ngozi. Kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, mfuniko wa dhahabu, maandishi makubwa SERAMU YA EKSOSOMU, mabilioni ya eksosomu kwenye kila tone, inatuliza ngozi, inafuta makovu, inarudisha ujana. Bei siitaji ila kwa hela ile Tabata unalipa chumba chenye choo ndani miezi miwili na chenji inabaki. Chini kaandika: "dada we si mtu wa maabara, hii ni kweli au tunapigwa?"

Nikaanza kumjibu kwa voisi. Dakika ya sita nikajisikia naongelea ng'ombe mapacha, nikajua hapa nimeshapotea, nikaifuta. Bora niandike. Yeye nitamtumia linki, akitaka asome asipotaka basi, ila jibu lake haliwezi kuwa fupi, maana hicho kitu wanachokiuza, vifuko vidogo mno ambavyo seli zinatumiana, kipo kweli, hapo ulipokaa vinatembea ndani yako mabilioni kwa mabilioni, na ndo kinachoniuma. Wangekuwa wanauza uongo mtupu ningecheka nikaendelea kufua.

Nianze na mjomba. Mjomba wangu ana figo ya dada yake, yaani ma'mdogo, mama yake huyo huyo binti wa seramu. Upasuaji ulifanyika hapa hapa Dar, maana Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, kabla ya hapo ilikuwa ni India na ukoo mzima kuchangishana. Walipimwa weee, damu, tishu, krosimachi, wakaonekana wanaendana vizuri kuliko tulivyotegemea, figo ikakubali, mkojo ukatoka, watu wakalia kwa furaha korido nzima. Halafu ndo likaja lile ambalo kwenye vikao vya familia hakuna aliyelisikia vizuri ingawa lilisemwa: dawa kila siku, maisha yote. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, uwe msibani uwe kwenye daladala. Alamu yake kaiweka sauti ya jogoo, siku hizi jogoo akiwika nyumba nzima inatafuta glasi ya maji. Na balungi marufuku, maana balungi linauzuia mwili kuivunja ile dawa, takrolimasi, basi inapanda kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Mjomba ni mtu wa Tanga. Mtu wa Tanga umwambie balungi basi!

Sasa siku moja tumekaa barazani, jogoo kawika, kameza, akaniangalia akauliza: "Hii figo ni ya dada yangu tumbo moja. Mwili wangu hauitaki mpaka niulevye na dawa. Lakini wewe ulivyombeba mwanao, nusu yake ni ya baba yake, mtu baki kabisa, katoka Singida huko, ukakaa naye tumboni miezi tisa na hukumeza kidonge hata kimoja cha kumtuliza mtu. Imekuwaje?"

Mimi na diploma yangu nikabaki nakuna kichwa. Kumbe swali hilo hilo Peter Medawar, Mwingereza, aliliweka mezani mwaka 1953, na baadae 1960 akapewa Nobel pamoja na Burnet wa Australia kwa mambo ya ustahimilivu wa kinga. Yaani mjomba kwa kukaa tu barazani kamfikia mzee wa Nobel.

Ustahimilivu wa kinga ndo nini? Sisi tumezoeshwa kwamba kinga ni jeshi, na jeshi likiwa kubwa ndo afya. Ongeza kinga, tangawizi, limao, kitunguu saumu, wakati wa korona ndo tukazidi kabisa watu wakajifukiza mpaka wakaungua. Lakini kinga iliyozidi au iliyokosa adabu ni ugonjwa. Lupasi ni kinga. Baridi yabisi ya kupinda vidole ni kinga. Mtoto wa miaka saba anayechomwa insulini, kinga yake mwenyewe imeua zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kwahiyo askari anayejua kupiga tu ni hatari kwa mtaa wake, lazima mwili uwe na namna ya kumwambia huyu mwache, huyu wa hapa hapa, hiki ni chakula tu, huyu ni mtoto.

Namna ya kwanza ni shule. Kifuani nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi inaitwa thaimasi, kubwa kwa watoto, kwetu wazee imeshageuka mafuta mafuta. Seli T, wale askari wenyewe, wanapelekwa pale wakiwa wadogo wanaonyeshwa vipande vya mwili wao wenyewe, atakayevivamia kwa nguvu anauawa hapo hapo. Na asiyeweza kuona chochote naye anaachwa afe. Zaidi ya 90 kwenye kila 100 hawahitimu. Ukatili kuliko mtihani wowote wa taifa. Ila kama shule zote, kuna wanaotoka na vyeti ambao hawakutakiwa kutoka.

Kingine ni kwamba kutulia kunafundishika, hakuko kwenye damu ya kuzaliwa tu, na hili lilijulikana kwa ng'ombe (nilisema nitafika kwa ng'ombe). Wafugaji mnajua, ng'ombe akizaa pacha dume na jike, yule jike mara nyingi hashiki mimba maisha yake. Ni kwa sababu tumboni mishipa ya makondo yao iliungana, damu ya dume na homoni zake zikampitia. Mwaka 1945 Ray Owen wa Wisconsin akapima damu ya mapacha hao wakiwa wakubwa, akakuta kila mmoja ana seli za damu za aina mbili, zake na za mwenzake, na wanaishi nazo bila ugomvi, ingawa wametoka mayai tofauti kama ndugu wa kawaida tu. Kama mjomba na ma'mdogo! Tofauti yao na mjomba ni kwamba wao walikutana mapema, kabla askari hawajashika silaha. Mjomba kakutana na figo akiwa na miaka hamsini na kitu.

Sasa wale waliotoka shule na vyeti vya uongo nani anawashika? Hapa kuna stori ninaipenda sana. Wajapani walikuwa wanatoa thaimasi kwa panya wa siku tatu tangu kuzaliwa, wakitegemea panya atakuwa mnyonge wa kinga, badala yake kinga ikachachamaa ikaanza kula viungo vya panya mwenyewe. Yaani umefunga kambi ya jeshi halafu vita vimeongezeka. Shimon Sakaguchi akasema basi kuna kundi linalotoka thaimasi baadae kidogo ambalo kazi yake ni kuwashika wengine, na akalitafuta miaka na miaka, wakati wenzake walishaiona hiyo habari ya "seli za kuzuia" ni aibu, mada imekufa, ukiitaja hupewi hela ya utafiti. Mwaka 1995 akaonyesha kundi lenyewe. Huku Marekani nako kulikuwa na panya wa ajabu tangu miaka ya 1940, walizaliwa kwenye maabara ya Oak Ridge iliyokuwa inachunguza mionzi, madume yao ngozi magamba magamba, wengu umevimba, wanakufa ndani ya wiki chache. Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakalitafuta jini lililoharibika, wakabakiwa na majini 20 ya kukagua (majini ya urithi jamani, sio wale wa Pemba), wakayakuta mazima 19, la mwisho ndo lenyewe. Wakaliita FOXP3, mwaka 2001, na likaonekana ndo lile lile linaloharibika kwa watoto wa kiume wenye ugonjwa mbaya wa kinga kula mwili tangu uchanga. Baadae Sakaguchi na wengine wakaunganisha: FOXP3 ndo inaitengeneza ile seli yake.

Nobel ya 2025 wakapewa wote watatu. Brunkow aliona namba ya Sweden usiku akajua ni matapeli, akapuuza, yaani kama sisi na zile za "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ramsdell alikuwa porini milimani simu haina mtandao, mkewe alivyoanza kupiga kelele akadhani kaona dubu.

Hizo seli zinaitwa T za udhibiti, mimi naziita tiregi, na namna nzuri ya kuzielewa kwa Mtanzania ni balozi wa nyumba kumi. Hana bunduki. Hana gari. Lakini anajua nyumba zake, mgeni akija lazima apite kwake, watu wakigombana usiku anagongewa mlango anatoka na kaniki yake, kesi inaisha kabla ya kufika polisi. Wachache sana, kwenye seli T za kundi la CD4 wao ni kama 5 mpaka 10 tu kwa kila 100. Ukiwaondoa mtaa unawaka.

Swali linakuja, mtu mmoja anatulizaje nyumba kumi zote? Njia wanazo nyingi. Moja, wanakunywa supu ya askari: kuna kitu IL-2 ambacho seli T wanakihitaji ili wazaliane, tiregi wana midomo mikubwa ya kukinyonya, askari wanabaki na njaa. (Na hapa ndo utamu na uchungu wa dawa ya mjomba: takrolimasi, ambayo ilitolewa kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba Japani mwaka 1984, inafanya kazi kwa kuzuia seli T wasitengeneze hiyo supu. Askari wanalala, sawa, ila na mabalozi nao wanakosa chakula. Unazima fujo na unamdhoofisha mtuliza fujo kwa kidonge kimoja.) Njia nyingine ni kugusana ana kwa ana. Nyingine ni kumwaga kemikali za kupoza. Na nyingine ndo hii ya kichupa cha mfuniko wa dhahabu.

Eksosomu ni vifuko. Ndani ya seli kuna mfuko mkubwa ambao ndani yake kuna vimifuko vingi vidogo, kama ile rambo ya jikoni kabla hazijapigwa marufuku 2019, kila nyumba ilikuwa na rambo moja inaning'inia mlangoni imejaa rambo nyingine. Sasa huo mfuko mkubwa unasogea mpaka ukutani mwa seli, unaungana na ukuta, unamwaga vimifuko vyote nje. Kimoja kina upana wa kati ya nanomita 30 na 150. Ili uelewe, seli nyekundu moja ya damu, ambayo mimi kila siku naiona kwenye hadubini nikitafuta malaria, ukivipanga juu yake vya nanomita 100 kutoka ukingo mpaka ukingo vinaingia kama 70. Hadubini yetu ya kazini haioni kabisa. Sentrifuji yetu ya kuzungushia damu ukiiwasha mpaka asubuhi haivishushi chini, inatakiwa mashine inayovuta mara 100,000 kuliko mvuto wa dunia, na mashine hiyo ikitoka balansi inaweza kuruka na meza.

Vilionekana 1983 na makundi mawili, la Rose Johnstone kule Montreal na la Philip Stahl kule St. Louis, wote wanaangalia seli nyekundu changa, Johnstone alitumia za kondoo. Waliona seli ikikaribia kukomaa inatupa nje vipokezi vya kupokelea madini ya chuma isivyovihitaji tena, inavifunga kwenye vimifuko inavirusha. Kwahiyo kwa miaka mingi wakasema ni takataka. Seli inafagia. Nani atasoma uchafu wa jirani? Basi ikakaa hivyo mpaka 1996, Graça Raposo na wenzake wakaonyesha kwamba seli B za kinga zinatoa vifuko ambavyo juu yake vimebandikwa vipande vya adui, vimeshikwa vizuri kabisa kwenye ile protini ya kumuonyesha seli T, na seli T akiviona anaamka. Hiyo tena si takataka, hiyo ni barua ina muhuri. 2007 watu wa Gothenburg wakafungua bahasha wakakuta na RNA ndani, maagizo kabisa, na seli iliyoipokea inayasoma inayafuata.

Rudi kwa balozi wetu. Mwaka 2014 timu moja ya London ikaonyesha kwa panya kwamba tiregi wanawapelekea askari wakali wa aina ya Th1 eksosomu zenye kipande kifupi cha RNA kinaitwa let-7d, na kikiingia kinamfanya yule askari apunguze kuzaliana na apunguze kumwaga ile kemikali yake ya vita. Wakawachukua tiregi waliozimwa mtambo wa kutoa vifuko, wapo wazima wanatembea, ila hawawezi kuposti barua, wakawaweka kwa panya mwenye ugonjwa wa utumbo. Wakashindwa kumsaidia. Nilisoma hiyo sehemu mara tatu, maana ina maana balozi asipoweza kutuma mjumbe ubalozi wake una upungufu mkubwa, hata kama mwenyewe kakaa hapo barazani. Mwaka mmoja kabla, London pia, kundi jingine lilikuta vifuko vya tiregi vina kimeng'enya CD73 juu yake, kinatengeneza adenosini hapo hapo kwenye uwanja wa ugomvi, na adenosini inapoza seli T. Ni adenosini hiyo hiyo inayokusinzisha kichwani na kahawa inaizuia.

Sasa mjomba, mtoto wa Singida. (Mume wangu akisoma hapa, salamu.)

Kondo la nyuma halikai kimya. Lile tabaka la nje la kondo, linaloogelea kwenye damu ya mama, ni la mtoto, maana kondo limetokana na yai lile lile, na linatoa eksosomu kwenye damu ya mama kuanzia mimba changa na zinaongezeka mimba inavyokua. Watu wa Umeå, Sweden, walizichambua. Wakakuta nyingine zimebeba FasL, protini ambayo ukimgusisha nayo seli T aliyechachamaa anajimaliza mwenyewe kimya kimya. Nyingine zimebeba vitu vinavyoshika kile kipokezi ambacho seli wauaji wanakitumia kumtambua wa kuua, vinakishika kabla hawajafika kwa mtoto, muuaji anakiingiza kipokezi chake ndani, anabaki kama mtu aliyepakwa pilipili machoni, bunduki anayo ila haoni pa kupiga. Na tiregi wa mama nao wanaongezeka. Kwahiyo jibu la mjomba ni kwamba kidonge kilikuwepo! Mtoto mwenyewe ndo alikuwa anakitengeneza na kukituma, mchana na usiku, bila jogoo wa alamu. Figo ya ma'mdogo haijui kufanya hivyo, figo kazi yake ni mkojo.

Na haikuishia hapo. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano ambayo bibi zetu wengine walikuwa wanayakamua wanayamwaga eti machafu, watafiti wa Stockholm 2007 walitoa eksosomu kwenye dang'a na kwenye maziwa yaliyokomaa, wakaziweka kwenye seli za damu kwenye chupa za maabara, wakaona seli zenye FOXP3 zinaongezeka. Nilivyosoma nikamkumbuka nesi mmoja labour aliyenigombeza hadharani kwa sababu nilichelewa kumuweka mwanangu kifuani. Niliona ananionea. Namsamehe.

Mpaka hapo ukiniuliza ningekwambia eksosomu ni kitu kizuri, leta kichupa. Ngoja sasa.

2018, mwaka ule ule Allison na Honjo walipopewa Nobel kwa dawa za kuifungua kinga ipigane na kansa, timu ya Pennsylvania ikachapisha kwenye Nature kuhusu melanoma, kansa ile ya ngozi. Wagonjwa hao damu yao ina eksosomu za kansa zenye PD-L1 juu yake. PD-L1 ni kama kitambulisho cha "mimi wa hapa hapa, niache", seli T akikigusa anapoa. Kansa inakibandika kwenye vifuko inavirusha kwenye damu mwili mzima, kwahiyo askari anapozwa akiwa bado yuko njiani, hajafika hata kwenye uvimbe. Ukiangalia ufundi wake na ufundi wa kondo, mmh, ni mikono ile ile. Kumpoza askari kwa mbali, kabla ya kufika. Kwa kondo tunaita muujiza na kwa kansa tunaita msiba, na kifuko chenyewe hakijui tofauti, mjumbe hauawi, mjumbe anafikisha alichopewa.

Na kwenye viungo vya kupandikizwa mambo ni hayo hayo. Zamani walifikiri kiungo kikipandikizwa, seli za matawi za mtoaji (zile za kinga zinazobeba vipande na kuwaonyesha askari) ndo zinahama kwenda kwenye tezi kuwaamsha askari wa mpokeaji. 2016 makundi mawili ya Marekani, moja la Pittsburgh, yakaonyesha kwa panya kwamba seli zinazohama ni kiduchu mno, kinachohama ni eksosomu za kiungo, zinaenda zinabandika utambulisho wa mtoaji kwenye seli za mpokeaji, zinawavisha sare ya ugenini, na askari wakiona sare ndo wanaanza vita. Yaani vifuko vilevile hapo ndo wachonganishi. Lakini nyuma huko 2003, Wafaransa wa Nantes walichukua panya wakubwa, wakawapa eksosomu za seli za matawi za mtoaji kabla ya kuwapandikiza moyo, na ule moyo ukadumu muda mrefu zaidi. Mtumaji wa aina moja, ila umepokea kabla ya ugomvi au baada, jibu linageuka.

Kwahiyo mdogo wangu, nimefika kwenye chupa yako.

Ukiniambia "eksosomu" tu hujaniambia kitu. Ni sawa na mtu anakuuzia bahasha, ina barua kweli ndani, haisemi katuma nani, anaandikiwa nani, imeandikwa lini. Za tiregi? Za kondo? Za seli za mafuta ya mtu? Mtu gani, kapimwa nini? Za mmea? Maana kuna za mimea pia, wanakamua waridi wanaweka kwenye chupa, na waridi halijawahi kuwa na seli T za kugombana nazo, sijui litamtuliza nani. Tangazo linasema mabilioni kwenye tone, sawa, hata uvimbe wa kansa unatoa mabilioni.

Alafu ngozi yako ipo kazini. Tabaka la juu limejengwa kuzuia vitu, molekuli ikizidi uzito kama wa dalton 500 inapita kwa shida, na kifuko kizima ni kikubwa kuliko hapo mara elfu nyingi. Ndo maana saluni wanapitisha kwanza ile rola ya sindano usoni, wanakutoboa matundu kibao halafu wanapaka. Hapo ndo naanza kuogopa, maana sasa umeondoa mlango, na chochote kilichomo kwenye kile kichupa, kizuri kibaya, kinaingia ndani. Desemba 2019 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa wa Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa za eksosomu, na wakasema wazi hakuna hata moja waliyoiidhinisha. Na wenzetu maabara huko wanazitunza kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri. Ile saluni nimeona kwenye picha wamezipanga dirishani, jua la Kinondoni linapiga, pembeni kuna feni.

Sisemi hazitakuja kuwa dawa. Mwaka 2014 madaktari wa Essen Ujerumani waliripoti mgonjwa mmoja aliyepandikizwa uboho, seli za mtoaji zikawa zinamshambulia yeye, wakampa eksosomu za seli shina za uboho na hali ikatulia kwa miezi. Mgonjwa mmoja tu, ila walijua zimetoka seli gani, walichuja wenyewe, walipima kwanza kama zinapoza kweli, walichagua zile za mtoaji mmoja maana za watoaji tofauti hazikufanana. Na mimi kwa uroho wangu naota siku moja mtu atajifunza kuandika barua ile ya kondo, kwa mwandiko wa ma'mdogo, ampelekee mjomba, jogoo anyamaze na balungi liliwe. Nilimwambia hivyo mjomba. Akasema sawa ila wakati wanajifunza kuandika nimuongezee maji kwenye glasi.

Haya nilimfupishia mdogo wangu kwa meseji moja: nenda kawaulize seli gani, ya nani, imetunzwaje. Akaenda kweli, yule hana aibu. Jioni kanijibu:

"dada nimewauliza zinatoka wapi. wamesema zinatoka Korea"

Nikamwambia Korea sio seli.